Meza ya Saba Imehama

Walituita Lodwar kwenda kufundishwa kunyamaza. Tulikuwa wahudumu wanne wa Hoteli Ejok, wawili wa Lodwar na wawili wa tawi la Kakuma, tumeketishwa kwenye ukumbi wenye feni isiyozunguka. Mtaalamu aliyetoka Nairobi akatueleza kwamba kuanzia Jumatatu ni mwiko kumuuliza mgeni anataka kula nini. Mgeni atatoa simu yake, ataielekeza kwenye kibandiko kilicho mezani, orodha ya vyakula itafunguka, atachagua, na oda itaruka yenyewe hadi jikoni. Sisi tutabeba sahani mpaka kwenye namba iliyoandikwa, basi. "Hamtachoka tena na maneno," alisema, utadhani tuliwahi kwenda kumlilia kwamba midomo inatuuma.

Mimi ni Clotilde, Mrundi, na nimehudumu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, miaka tisa bila kuandika oda hata moja. Zote nazibeba kichwani. Najua nani ana vidonda vya tumbo na hapewi pilipili hata akiiomba kwa machozi. Najua Wahabeshi wangapi hawagusi nyama Jumatano na Ijumaa. Najua kijana gani wa Kidinka asikalishwe karibu na meza gani, kwa sababu hapo ameketi mama wa msichana anayemchumbia. Haya yote hayamo kwenye kibandiko.

Nikanyoosha mkono. "Na meza ikihama?"

"Meza haihami, mama," mtaalamu akanijibu kwa upole wa kuniudhi.

Wahudumu wenzangu waliangua kicheko hadi mmoja akamwaga maji yake. Huyu bwana hakujua alikofikia. Kwetu meza ziko nje, chini ya miarobaini, na jua la Turkana halina adabu. Kivuli kikisogea, wageni wanainua meza na chai yake na kukifuata, na meza iliyoanza asubuhi langoni utaikuta alasiri imefika kwenye choo. Lakini Ethuro, mwenye hoteli, alikuwa amekaa mstari wa mbele na hakucheka. Akageuka akanitazama.

"Clotilde, wewe napenda sana maswali. Fuata namba. Usitumie akili yako, tumia namba."

Basi nikarudi Kakuma na akili yangu isiyotakiwa.

Wiki mbili za kwanza sitaki kuzikumbuka lakini zinajikumbusha zenyewe. Wageni wenye simu za tochi walikuwa wanaangalia kile kibandiko na kuniuliza kama ni dawa ya mbu. Wenye simu kubwa hawakuwa na bando. Bwana mmoja wa Kongo alibonyeza chai, akaona kimya, akabonyeza tena na tena, na jikoni zikaingia chai kumi na moja. Mpishi wetu, Firmin, ni mtu wa amri, akazimimina zote kumi na moja na mimi nikazibeba. Yule bwana alikunywa tatu, akaanza kualika wapita njia.

Na Ethuro alikuwa anaona yote. Yeye yuko Lodwar, ameketi zake kwenye kiti, lakini kila oda ya Kakuma inamtokea kwenye simu yake, saa iliyoingia na saa iliyotoka. Siku moja mzee mmoja kipofu aliniomba uji, nami nikampelekea uji. Ningefanyaje, nimwambie askani? Kabla hajamaliza kikombe simu ikalia. Uji umetoka jikoni bila oda, umetokaje? Nikaeleza. Ethuro akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mara ya kwanza nasamehe. Ukichukua oda ya mdomo tena, kesho yake usije kazini."

Ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika Jumamosi ya Mawien.

Mawien anachaji simu za watu kwa sola pale sokoni Kakuma Wani, sehemu ya kwanza ya kambi, na kwa miaka minne amekuwa akimtaka Adau. Miaka minne! Mimi nimemwona akikonda na kunenepa kulingana na majibu aliyopewa na wazee wa msichana. Adau mwenyewe anamtaka, hilo halina ubishi. Tatizo ni mjomba wake, Awan, ambaye alikuwa na mposaji mwingine mfukoni, mtu wa Australia anayepiga simu kila Jumapili na kumsalimia kila mtu kwa jina. Jumamosi hiyo pande mbili zilikuwa zinakutana hotelini kwetu kwa mara ya mwisho. Wakikubaliana, wanataja siku ya harusi. Wakivunjika, Awan anampigia mtu wa Australia, na kijana wangu anabaki na sola zake.

Kwa Wadinka, mwanamume anayeposa hali chakula mbele ya mama mkwe. Si kwamba ni vibaya kidogo. Hali kabisa, na wala hatajwi pamoja na chakula mama huyo akisikia, kwa sababu heshima yake yote iko hapo, kwamba amekuja kutafuta mke na si kushibisha tumbo. Ndiyo maana mimi, miaka mingi kabla ya vibandiko, nilitenga pembe karibu na jikoni, nikaizungushia mikeka ya mkoma. Mkwe anaingia kwa mlango wa nyuma, analetewa sahani iliyofunikwa, anakula, anatoka, na hakuna aliyemwona. Wakwe wangapi wamekula hapo! Meza ya pembe hiyo ilipewa namba saba.

Mawien alifika saa tano asubuhi, shati jeupe, macho mekundu. Alitakiwa awe karibu wazee wakimhitaji, lakini asionekane.

"Umekula?" nikamnong'oneza.

"Tangu jana chakula nakataa kushuka, mama Clotilde. Sasa ndio nasikia njaa, njaa mbaya."

Moyo wangu ulitaka kukimbilia jikoni na kumletea. Lakini nilikumbuka uji. Nikamwonyesha kibandiko. Akatoa simu, akaskani, akachagua mbuzi nusu kilo na ugali mkubwa, akaandika jina lake palipoulizwa jina, akabonyeza. Simu ikaanza kuzungusha kile kiduara chake. Mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka kama fundi aliyekwisha kupewa pesa zake zote. Nikamwacha akiwa amekikodolea macho.

Wakwe wakaingia. Mbele alikuwa Agot, mama yake Adau, mwanamke mrefu mwenye shuka ya bluu begani, asiyesema neno kama jicho linatosha. Nyuma yake Awan na fimbo yake, halafu shangazi na wajomba, na wazee wa upande wa Mawien wakifuata kwa unyenyekevu. Nikawaweka meza ya tatu, mbali na mikeka. Wakaagiza soda na chai kwa simu ya mmoja wao na, ajabu, vikaja. Mazungumzo yakaanza vizuri. Nilisikia hata kicheko.

Kisha jua likafanya kazi yake. Kufikia saa sita kivuli cha meza ya tatu kilikuwa kimekwisha, wakainua meza, wakasogea. Kivuli kikawakimbia tena, wakasogea tena, na kila wakisogea walizidi kuikaribia mikeka. Hapo wakaingia shangazi wengine wawili kutoka Kalobeyei, meza ikawa haitoshi. Awan akasimama kutafuta nyingine. Mimi nilikuwa na sahani nne mikononi. Nikamwona anainua pembe ya mkeka, nikasema moyoni, Mungu wangu.

Mawien alisimama kama askari. Awan hakumsalimu, alitazama meza tu. Na mkwe hasemi hapana. Mawien akaiinua meza yake mwenyewe, akaisogeza hadi mwisho wa mkeka, akainamisha kichwa na kuiachia mikononi mwa wajomba, kisha akarudi kuketi kwenye kiti chake, magoti yakitazama ukuta. Kivuli cha pembe nacho kilikuwa kimekatika. Kijana akabaki anachomwa na jua bila meza, na meza ya saba ikaenda kuunganishwa na meza ya tatu, mbele ya Agot.

Nililiona hilo kwa macho yangu mawili. Nataka lijulikane, kwa sababu baadaye nilimlaumu kila mtu, kuanzia mtaalamu wa Nairobi hadi jua. Nilijua saba imehama.

Saa saba kasoro simu yangu ikalia.

"Ejok, Clotilde," Ethuro akanisalimu Kiturkana. "Mimi naona hapa oda ya meza saba imeingia jikoni, dakika kumi na mbili haijatoka. Wewe nafanya nini huko?"

Kumbe ile oda ya saa tano ndiyo kwanza ilikuwa imefika. "Bosi, sikiliza, meza ya saba ime—"

"Hakuna ime. Namba ni namba. Sahani ipelekwe kwa namba, karatasi isomwe kwa sauti mgeni athibitishe, kwisha."

"Bosi, watu hapa—"

"Clotilde! Nani ameajiri nani?"

Akakata. Mwenzangu Abei alikuwa na ruhusa siku hiyo, nami nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili peke yangu, miguu imevimba, na sasa mtu aliye kilomita zaidi ya mia ananifundisha hoteli ninayoijua kuliko yeye. Hasira ilinipanda hadi masikio yakafunga. Haya, nikasema. Unataka namba? Nitakupa namba. Nikachukua sahani dirishani kwa Firmin, karatasi ikiwa imebandikwa pembeni, nikatembea kwa kishindo hadi kwenye namba saba, nikaitua katikati ya chupa za soda, nikasoma kwa sauti ya kutangaza vifo:

"Oda ya Mawien! Mbuzi nusu kilo, ugali mkubwa!"

Nilisikia neno la mwisho likitoka na papo hapo nikajua nimefanya nini. Hasira, hasara. Wahenga walisema maneno mawili tu na mimi sikuyakumbuka hata moja.

Shangazi wa Kalobeyei aliweka kikombe chini. Agot alivuta shuka akajifunika mdomo na kugeuza uso. Wazee wa Mawien walitazama mchanga. Awan ndiye aliyeinuka, polepole, akiegemea fimbo, na nikaona usoni mwake kitu kinachofanana na furaha.

"Huyu kijana," akasema kwa Kiswahili ili hata mimi nielewe, "ameleta tumbo yake kwa mkutano? Nakula kwa meza ya mama ya Adau? Basi. Sisi nakwenda."

Viti vikaanza kusukumwa. Nyuma ya mikeka, hatua sita kutoka pale, kijana alikuwa anasikia yote. Miaka minne ya kijana yule ilikuwa inasimama na kuchukua mikoba yake, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

"Kaeni!" nikasema. "Hiki ni chakula changu."

Wakanitazama.

"Changu. Mimi ndiye niliyeagiza. Nina njaa."

Awan akabandua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho ili aione. "Hapa nasema Mawien."

"Mzee, mashine hiyo ni mwendawazimu! Jana imeandika kwamba pasta wetu ameagiza bia sita. Juzi chai kumi na moja kwa mtu mmoja, muulize nani hapa Kakuma hajaisikia habari hiyo. Mawien alikaa meza hiyo asubuhi kunisubiri nimpe simu ya kuchaji, jina lake likaganda humo humo. Mimi nimebonyeza, yeye ndiye kaandikwa."

Habari ya pasta niliitunga palepale, Mungu anisamehe. Ile ya chai ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonisaidia, kwa maana mmoja wa wajomba aliwahi kualikwa kikombe cha saba. Akacheka. Lakini Awan hakuketi.

"Kama ni yako," akasema, "kula."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye sahani ya mbuzi. Nikavuta kiti, nikanawa, nikaketi kati ya wakwe na aproni yangu, nikaanza kula. Saa moja tu kabla yake nilikuwa nimemaliza maharage na chapati mbili. Nikamega ugali. Nikatafuna mbuzi. Yule mbuzi alikuwa wa nyama na mafuta na ukaidi, na watu kumi na watatu walikuwa wananihesabia matonge. Simu ikalia mfukoni, bila shaka ni Ethuro, lakini mikono ilikuwa na mafuta na sikuwa na nafasi mdomoni. Nilikula mpaka jasho likaingia machoni. Ilipobaki robo nikainua kichwa, nikitumaini mtu atasema inatosha.

Agot alikuwa ameshusha shuka kutoka mdomoni. Akanisogezea chumvi.

"Maliza," akasema.

Nikamaliza. Nilipoufyonza mfupa wa mwisho Awan aliketi, kwa sababu hakuwa na la kufanya tena, na mazungumzo yakarudi taratibu, lakini hayakuwa na joto la kwanza. Awan alikuwa ameonja nafasi na sasa alikuwa anaitafuta nyingine. Mimi nikajikokota hadi kwenye pipa la kunawia, nikashika bomba nisianguke.

Nikasikia hatua. Ni Agot. Alikuja kunawa mikono ambayo haikuwa imeshika chochote.

"Wewe mama," akasema akitazama maji, "mimi si mtoto. Hiyo nyama najua ilikuwa ya nani."

Nikamwongezea maji ya bomba.

"Nimeona pia nani ametoa meza. Hakuuliza. Hakukunja uso. Mpaka sasa yeye nakaa kwa jua na kichwa ya chini." Akajifuta mikono kwenye shuka. "Mtoto wa watu ana njaa. Mpelekee chakula. Mbuzi, na ugali kubwa, kama ile. Usimwambie ni mimi nasema."

Akarudi mezani, wala hakutazama mikeka.

Nikaingia jikoni. "Firmin, mbuzi nusu kilo, ugali mkubwa."

Firmin akatazama mashine yake. "Oda iko wapi?"

"Ni ya mdomo."

"Clotilde, miye sipiki bila oda. Niko na batoto. Wewe ulisikia bosi alisema nini."

Nilisikia. Kesho yake nisije kazini. Nami nina wangu watatu, na karo, na Kakuma si mahali pa kuamka Jumatatu huna kazi. Nikasimama na ile simu mkononi, nikiwa nimeshiba kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kijana yule upande wa pili wa mikeka akiwa hana kitu tumboni tangu jana kwa sababu ya sauti yangu. Nikampigia Ethuro mwenyewe.

"Mbona hushiki simu? Saba imekula?"

"Imekula. Bosi, nataka mbuzi nusu kilo nyingine itoke bila oda."

"Clotilde, tulisema nini?"

"Tulisema. Nimekubali. Lakini itoke kwanza."

"Nani ameagiza?"

"Mama mkwe. Anamwagizia mkwe wake."

Nilisikia pikipiki za Lodwar zikipita na mtu akigombana na kondakta. Ethuro alioa kijijini Katilu, na watu wote wanajua wakwe walivyomshindisha njaa huko kabla hajapewa mke.

"Mama mwenyewe?" akauliza. "Kwa mdomo yake?"

"Kwa mdomo wake, na hataki kijana ajue."

"Na wewe bado unaongea na mimi kwa nini? Peleka! Peleka haraka, kabla mjomba hajaongea!" Nikasikia akivuta pumzi. "Lakini ile mambo ya kesho bado tutaongea. Jumatatu upande gari uje Lodwar."

Sikungoja amalize. Firmin alikuwa ameshatia nyama kwenye karai.

Nikapita mlango wa nyuma na sahani iliyofunikwa. Mawien alikuwa amekaa vile vile, shati limegandana na mgongo. Aliposikia harufu aliinua kichwa, akatikisa kwa hofu kuelekea mikeka.

"Sitaki, mama Clotilde. Nimeharibikiwa tayari."

"Kula."

"Nani ameagiza? Simu yangu imezima."

"Wewe kula, na usiache kitu."

Akaweka sahani magotini na kula akiwa amegeukia ukuta, bila sauti, hata mifupa aliivunja ndani ya kiganja. Nilimsubiri. Alipomaliza nilichukua sahani, na safari hii sikuifunika. Njia fupi ya kwenda kwenye karo la vyombo inapita nyuma ya jikoni, lakini mimi nikazunguka mbele, nikapita polepole nyuma ya kiti cha Awan, nikiwa nimeishika sahani chini usawa wa macho ya mama mkwe.

Agot aliitazama ile mifupa. Kisha akamgeukia kaka yake aliyekuwa katikati ya sentensi, akamwekea mkono kwenye fimbo, akamwambia kwa Kidinka maneno ambayo baada ya miaka tisa hata mimi nayaelewa. Alimwambia ataje siku.